Ijumaa ya Kwaresima Mwanza, 1979: siku ya bibi mkausha furu

Ni tarehe 6 Aprili 1979, siku mbili kabla ya Jumapili ya Matawi. Vita na majeshi ya Idi Amin vina miezi mitano sasa, na Mwanza haiko pembeni. Tawi la reli ya kati linaishia hapa, meli za Bukoba zinaanzia hapa, na mwezi uliopita ndege ya Libya, mshirika wa Amin, aina ya Tu-22 ililenga bohari ya mafuta ya mji huu, ikakosa, ikaua swala kwenye hifadhi ya wanyama. Tumfuate bibi Mkatoliki wa miaka sitini na kitu, mkausha furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, pale ufukweni.

Saa 11 alfajiri. Makaa yaliyofukiwa majivuni tangu jana yanapulizwa. Kiberiti ni cha kubana. Uji wa mtama, bila sukari. Sheria ya Kanisa inamtaka ajinyime nyama leo, ila haimlazimu kufunga chakula: siku za kufunga kwa sheria ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na tena amekwisha kupita miaka 59. Anafunga hata hivyo. Na kusema kweli, uhaba wa bidhaa ulikwisha kuufungisha mji mzima kabla padri hajapaka majivu.

Saa 12. Kengele ya Malaika wa Bwana, kisha mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki.

“Tumsifu Yesu Kristo, bibi.”

“Milele amina, mwanangu. Hawa wamevuliwa saa ngapi?”

Hangoji jibu. Anafunua shavu la samaki: matamvua mekundu ananunua, ya kijivu anaacha.

Saa 2 hadi saa 6. Hapa ndipo kazi ilipo. Furu anatolewa matumbo na matamvua, anapasuliwa mgongoni, anaoshwa mpaka damu iishe kwenye uti. Matamvua yakibaki, nzi wanataga humo na kesho ni funza. Chumvi ingesaidia, lakini chumvi ya kutosha ni kama kilo moja kwa kilo nne au tano za samaki, na nani anayo? Basi ni jua. Samaki wanalazwa juu ya kichanja, upande wa nyama ukiangalia juu, wasigusane, na kugeuzwa kila baada ya saa moja au mbili.

Aprili ni masika. Wingu likifunga, wanahamishiwa juu ya moto wa kubanika, na hapo wengi huharibu kwa haraka. Moto mkali unakausha ngozi ikawa gamba, maji yanafungiwa ndani, na baada ya siku chache samaki anayeonekana mkavu ananuka. Unahitajika moshi mwingi na moto mdogo. Aliyeiva kwa kuhifadhiwa huvunjika ukimkunja.

Saa 6. Kengele tena. Michembe ya msimu uliopita, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopetwa na kuoshwa, inachemshwa na karanga zilizotwangwa.

Saa 10 alasiri. Njia ya Msalaba, vituo 14, na magoti ya uzee hupigwa kwa kushika benchi. Kituo cha nne, Yesu anapokutana na Mama yake, ndicho kigumu kwa wanawake wenye watoto jeshini.

Saa 11. Jumuiya ndogo ndogo, vikundi vya majirani Wakatoliki wanaosali pamoja. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliziwekea mkazo mwaka 1976, kwa hiyo bado ni changa. Somo linasomwa sasa, jua likiwapo, kwa kuwa usiku hakuna taa ya kuonekana nje. Kisha wanawaomba Karoli Lwanga na wenzake, mashahidi 22 waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964. Waganda hao! Wanaombwa wawalinde vijana wanaopigana Uganda. Sioni mgongano wowote: Amin ndiye adui, na utawala wake uliwaua hata Wakristo wa kwao, akiwemo Askofu Mkuu Janani Luwum mwaka 1977.

Saa 2 usiku. Taarifa ya habari ya Radio Tanzania. Betri zimeanikwa juani mchana kutwa ili zitoe pumzi ya mwisho, kwa hiyo redio inafunguliwa kwa habari tu.

Baadaye rozari, matendo ya uchungu, kwa kuwa ni Ijumaa. Blanketi liko dirishani. Biblia inataka taa. Rozari haitaki, kidole kinahesabu Salamu Maria 53, na punje kubwa inajulisha kumi limekwisha. Ndege ikisikika, watu wanaingia handakini. Masika yamelijaza maji, hivyo kopo la kuyachota linakaa mlangoni, na sala inaendelea palepale kidole kilipoishia.