Wanajua, wanangoja tu tuwaulize

Karibu kila nyumba ninayoingia, kabla sijafika chumbani kwa mgonjwa kuna mtu ananivuta pembeni. Mara nyingi ni mtoto wa kwanza, au shemeji mwenye sauti kwenye ukoo. "Nesi, usimwambie. Akijua atakufa kwa mawazo." Kazi yangu ni tiba shufaa, kuwafuata majumbani wagonjwa ambao ugonjwa wao hauponi tena, na maneno hayo nimeyasikia hapa Dodoma, Chang'ombe na Nkuhungu, hadi vijiji vya Bahi. Nayaheshimu kwa sababu yanatoka kwenye upendo, lakini siyaamini. Mgonjwa anajua. Alianza kujua siku wageni walipozidi na sauti za sebuleni zikashuka, siku mdogo wake wa Dar alipopanda treni katikati ya wiki, akafika na kusema amepita tu kusalimia.

Kuna dada mmoja namkumbuka sana, mama wa watoto watatu, saratani ya mlango wa kizazi. Alishapata mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar, akapata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi. Ndugu zake wakawa wanamwambia maumivu hayo ni ya mionzi, yataisha yenyewe. Siku moja walipotoka kwenda kuteka maji akaniambia: "Wananidanganya na mimi nawadanganya, dada. Wakiondoka nalia, wakirudi najifuta uso." Nikamuuliza angependa kuzungumza nini kama wasingekuwa wanadanganyana. Hakuzungumzia kifo hata kidogo. Alitaka kusema kwamba kitinda mimba wake akinywa maziwa anaumwa tumbo, na hakuna mwingine anayelijua hilo.

Akaniomba kaunta buku. Nilipopita tena alikuwa amejaza kurasa kadhaa kwa mwandiko unaopanda na kushuka: hisa zake za vikoba na jina la mweka hazina, kadi ya kliniki ya mtoto iko kwenye mfuko gani wa sanduku, mkubwa asilazimishwe kulala gizani, deni la mahindi kwa jirani limeshalipwa, wasije wakalilipa mara mbili. Dada yake alilikuta chini ya mto. Siku hiyo walilia pamoja, kwa sauti, mchana kweupe, na kuanzia hapo chumba kile kikawa cha kuzungumza. Usiku akawa anapata usingizi. Dawa zilikuwa zilezile.

Nimetaja dawa, na hapa nisipite haraka. Mtu mwenye maumivu hana nafasi ya kutafakari chochote. Cicely Saunders, daktari aliyeanzisha St Christopher's, nyumba ya kuwatunza watu wanaokaribia kufa, kule London mwaka 1967, alikuwa muuguzi kwanza, kisha afisa wa ustawi, ndipo akasomea udaktari. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekufa yana pande nyingi kwa pamoja: mwili, moyo, ndugu na pesa, na maswali kwa Mungu. Ukigusa upande mmoja na kuacha nyingine, hatulii. Lakini mwili ndio mlango. Morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, kila baada ya saa nne, pamoja na dawa ya kulainisha choo maana morfini inafunga tumbo, imenifungulia mazungumzo mengi kuliko maneno yangu yote ya faraja. Inaniuma sana ninapokuta familia imeificha chupa kabatini kwa kuamini ndiyo dawa ya kumalizia mtu. Mzazi wao anasaga meno usiku kucha, na chupa iko hatua mbili kutoka kitandani.

Chuoni tulisoma hatua tano za Elisabeth Kübler-Ross, daktari wa akili mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Marekani, ambazo alizitoa kwenye kitabu chake cha mwaka 1969: kukana, hasira, kumbembeleza Mungu aongeze siku, huzuni nzito, kukubali. Alizipata kwa kukaa na wagonjwa na kuwauliza wenyewe, na kwa hilo namheshimu. Ila sijaona mgonjwa anayezipanda moja baada ya nyingine kama ngazi. Asubuhi mtu anaelekeza azikwe wapi, jioni anauliza nani atapogoa zabibu msimu ujao na kwa nini mafundi hawajaitwa kumalizia banda. Zamani nilidhani huko ni kuchanganyikiwa. Sasa naona ni haki yake. Matumaini yake hayajaisha, yamehama tu: alitaka kupona, sasa anataka kuona kipaimara cha binti yake, na baadaye atataka usiku mmoja bila kutapika na uji wa uwele ukae tumboni.

Hasira nayo tuiache itoke. Yule dada mwenye kaunta buku alikasirishwa zaidi na waliomwombea huku wakimwambia angekuwa na imani angekwishapona. Alibeba saratani, halafu akabebeshwa na hatia. Nimewaona pia wachungaji, mapadri na masheikh wanaokaa kimya, wakashika mkono, wakasikiliza toba au wakasoma dua bila kumdai mgonjwa muujiza. Hao ningependa wangekuwa kila mtaa. Halafu kuna radhi. Sijui kama kuna kitu kinachowatesa wazee wetu kama kuondoka bila kuomba radhi au kuitoa. Nimeona mzee akikataa chakula hadi mwanawe waliyekosana aletwe, na alipoletwa hawakusema mengi. "Nimekusamehe, na wewe unisamehe." Basi.

Babu mmoja wa Bahi alikuwa na saratani ya koo, hata maji yalimpita kwa shida. Mwanawe alikuwa ananiuliza mbona baba hatulii, na maumivu tumeyadhibiti. Nikamshauri amuulize mwenyewe. Babu akataka ng'ombe wahesabiwe mbele yake. Kijana akakaa kwenye kigoda, akawataja mmojammoja kwa rangi na pembe, mzee amefumba macho. Alipofika kwa yule wa mabaka, babu akainua kidole: "Huyo si wetu. Nilipewa nimtunzie. Na ndama wake mrudishe." Kisha akawataja wa kwake waliowekwa kwenye mazizi ya watu, vijiji vingine, ambao kijana hakuwa akiwajua kabisa. Kazi ile ilimchosha sana. Jioni akaomba apelekwe nje kwenye mkeka, akae na wajukuu.

Wapo wasiotaka kujua, na hilo nalo ni jibu. Mama mmoja aliniambia, "Mambo ya ugonjwa ongea na mume wangu, mimi niulize habari za kuku." Tuliongea habari za kuku mpaka mwisho wake. Kumlazimisha mtu ukweli asioutaka ni ukatili uleule wa kumnyima anayeutaka. Na mtu akiacha kabisa kuongea, akageukia ukutani, akakosa hamu hata ya watu aliowapenda, tusiseme ameshakubali. Pengine ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni inayomzamisha mtu, na sonona inatibika hata kwa mtu aliyebakiwa na wiki chache.

Kesho naenda Mpunguzi. Kijana amenipigia, mama yake ana saratani ya ini, na ameniomba yaleyale: nisiseme. Nimemwahidi sitasema lolote ambalo mama hajaliuliza. Nimemwomba na yeye jambo moja, asibaki nje, aketi nasi. Baada ya kumwamkia shikamoo na kumuuliza usiku umekuwaje, nitamuuliza mama yeye mwenyewe anauelewaje ugonjwa wake. Kisha nitanyamaza, na ninataka kijana awe pale anaposikia mama yake anajibu nini.