Goti Halikuwa na Kosa

Mama yule alitokea Kibosho, mwenye miaka 60 hivi, na goti lake la kulia lilikuwa limeshapitia mengi. Lilikuwa limekandwa kwa maji ya moto, limechuliwa kwa mafuta, limefungwa bandeji ya mpira, na mahali fulani limechomwa sindano. Masika yale alipofika kwetu Moshi kwa ajili ya mazoezi tiba, karatasi aliyokuja nayo ilitaja goti tu.

Kilichotushtua ni namna alivyovua kiatu. Cha kushoto aliinama akakivua. Cha kulia hakukigusa kwa mkono, alikisukuma kwa kidole gumba cha mguu wa pili.

"Mama, kucha za mguu huu unakata mwenyewe?"

"Hapana mwanangu, ananikatia mjukuu. Siufikii."

Kukata kucha za mguu kunadai nyonga ikunjike sana na paja ligeukie nje. Nyonga ikianza kukakamaa, kazi hiyo na kuvaa soksi ndizo huwa ngumu mapema, na wagonjwa hawazitaji mpaka waulizwe. Wao wanasema goti kwa sababu maumivu yako gotini kweli.

Hata hivyo goti lilichunguzwa kwa haki. Halikuwa na uvimbe wala joto. Lilinyooka lote, likakunjika mpaka kisigino kikakaribia tako. Tulibonyeza mstari wa kiungo ndani na nje, tukakisogeza kifupa cha mbele ya goti (pia), tukazijaribu kano za pembeni. Mama hakukunja uso hata mara moja.

Kisha akalala chali. Nyonga na goti vikakunjwa nyuzi 90, mkono mmoja ukashika goti, wa pili kifundo cha mguu, na unyayo ukasukumwa nje polepole. Hapa wanafunzi huchanganyikiwa: unyayo ukienda nje, paja linazunguka kwa ndani. Kushoto lilizunguka kama nyuzi 30. Kulia halikufika 10, likagota. Mama akalidaka goti kwa mikono miwili. "Hapo hapo! Ndiyo maumivu yenyewe!"

Kushika kifundo namna ile kunaweza kulisokota goti pia, kwa hiyo kipimo kilirudiwa mguu ukiwa umenyooka kitandani, viganja vyote viwili juu ya paja, paja likaviringishwa ndani na nje. Goti halikuguswa, na maumivu yakaja palepale mbele ya goti.

Sababu iko kwenye neva, yaani mishipa ya fahamu. Neva ya femora na neva ya obturata huundwa na mizizi ya uti wa mgongo ya kiunoni, wa pili hadi wa nne. Kila moja inatoa matawi kwenye kiungo cha nyonga na mengine kwenye goti, na ubongo hauwezi kutenganisha vizuri taarifa zilizopita njia moja. Mizizi hiyo ikibanwa mgongoni nayo huleta maumivu ya namna hiyo, ndiyo maana mgongo haurukwi. Wa mama tuliupima kwa kuinama, kujipinda nyuma na kukunja goti akiwa amelala kifudifudi. Haukuamsha kitu.

Aliposimama kwa mguu wa kulia, nyonga ya kushoto ilishuka. Ishara hiyo aliieleza daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Friedrich Trendelenburg, mwaka 1895: misuli ya pembeni ya tako la mguu uliosimama haina nguvu ya kuibeba nyonga. Picha ya eksirei ikathibitisha. Nafasi ya kiungo cha nyonga ya kulia ilikuwa imepungua; gegedu, utando mlaini unaofunika ncha za mifupa, limelika.

Tiba ikahamia juu. Paja liliinuliwa kidogo na kupelekwa pembeni kidogo, kisha likavutwa kuelekea miguuni kwa sekunde 30, kupumzika, na kurudia mara kadhaa. Mvuto ulishikwa juu ya goti. Ukivuta kwa kifundo, goti linabeba nguvu yote, na goti hili lilikuwa limeshasumbuliwa vya kutosha.

Ya nyumbani yalikuwa machache: kuinua makalio akiwa amelala chali, kuinua mguu akiwa amelala ubavu, na kusimama kutoka kwenye kiti, kila moja mara 10 kwa mizunguko mitatu, siku tatu zisizofuatana kwa wiki. Kuinua makalio kulimletea mkakamao nyuma ya paja, kwa kuwa visigino vilikuwa mbali. Vilipovutwa karibu na makalio, ukakoma. Zoezi la ubavu ndilo huharibika zaidi. Mwili unajiviringisha nyuma, mguu unakuja mbele, na misuli ya mbele ya nyonga inafanya kazi isiyo yake. Tulimlaza mgongo ukigusa ukuta, kisigino kikatelezeshwa ukutani kwenda juu, vidole vikitazama mbele. Maumivu hadi 5 kati ya 10 yaliruhusiwa, ilimradi kesho yake asubuhi yarudi pale yalipokuwa.

Lakini nadhani kilichomsaidia mapema ni fimbo na mzigo. Alikuwa anashuka na ndizi kichwani mpaka kwenye gari, fimbo mkono wa kulia, upande unaouma. Fimbo inakaa mkono wa kushoto, urefu wake uishie kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, na inatangulia pamoja na mguu mbovu. Hapo inaipunguzia kazi misuli ya tako, na mkazo wa misuli hiyo ndio unaoigandamiza nyonga. Ndizi zikagawanywa: zake akabeba chache kwenye kikapu mkono wa kulia, nyingine akabeba mjukuu. Mzigo mkono wa kushoto ungeilemea nyonga ya kulia zaidi. Kigoda cha jikoni nacho kikabadilishwa na kiti kirefu, magoti yawe chini ya nyonga.

Nisingefanya hayo yote kwa mtoto. Kijana wa miaka 10 hadi 16 anayechechemea na kulalamikia goti, paja lake likijigeuza nje lenyewe nyonga ikikunjwa, asiukanyagie tena mguu huo wala asipewe mazoezi. Huenda kichwa cha mfupa wa paja kimeteleza, naye anahitaji eksirei ya nyonga zote mbili na daktari wa mifupa siku hiyohiyo. Kwa mwenye selimundu, kichwa hicho cha mfupa huweza kufa, na mwenye homa huenda ana usaha ndani ya kiungo.

Wiki zilipopita mama alisimama kwa mguu wa kulia bila nyonga kushuka, na goti likaacha kumwamsha usiku. Uwezo wa paja kuzunguka uliongezeka nyuzi chache tu, maana gegedu lililolika mazoezi hayalirudishi. Tukamweleza hivyo waziwazi, na kwamba maumivu ya usiku yakirudi licha ya mazoezi, aje tuzungumze na daktari wa mifupa kuhusu nyonga ya bandia.