Kanisa dogo la Kilpeck na mawe yake ya ajabu

Watu wakitaja makanisa ya kale ya Uingereza utasikia Canterbury, utasikia York, na sawa, yale ni majengo makubwa, lakini mimi ukiniuliza nitakupeleka Kilpeck, kijiji kidogo tu cha Herefordshire karibu na mpaka wa Wales. Kanisa linaitwa St Mary and St David, lilijengwa kama mwaka 1140 hivi, na jamani ile michongo!

Leo ni la Waanglikana ila waliolijenga walikuwa Wakatoliki, maana mfalme Henry VIII alikata uhusiano na Papa 1534, karibu miaka 400 baadaye. Jengo likabaki lilelile, ibada ndo ikabadilika. Na kabla yake kulikuwa na kanisa jingine hapohapo, kona moja ya ukuta bado ina mawe ya enzi za Wasaksoni, yaani wenyeji wa kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza 1066.

Ramani yake ni rahisi sana: ukumbi wa waumini, halafu chumba cha mapadri, halafu mwisho kabisa sehemu ya altare yenye umbo la nusu duara. Kuta nene, madirisha madogo, matao ya mviringo, ndo ujenzi wa Wanormani huo, wale watu waliotoka Normandy, Ufaransa. Jiwe lake ni jekundu, la mchanga, na bahati nzuri ni gumu kuliko unavyodhani, ndo maana mlango wa kusini unaonekana kama umechongwa juzi. Juu ya mlango kuna mti wa uzima, pembeni mazimwi na nyoka wanaomeza mikia, na kwenye nguzo kuna wapiganaji wawili waliovaa suruali wamenaswa kwenye mizabibu, kila ukiangalia unaona kitu kipya.

Halafu inua macho chini ya paa. Kuzunguka jengo zima kuna mawe yanayochomoza kushikilia ukingo wa paa, yamebaki 85, na kila moja lina sura yake, kuna mbwa na sungura wamekaa pamoja utadhani marafiki, kuna vichwa vya wanyama, na kuna lile maarufu la mwanamke aliyejianika uchi kabisa, wanaliita sheela-na-gig. Wataalamu wanabishana mpaka leo, wengine wanasema ni onyo dhidi ya uzinzi, wengine ni kinga ya kufukuza mabaya. Mimi naegemea kwenye onyo, maana mapadri wa wakati ule wasingekubali liwekwe pale bila sababu ya mafundisho.

Kinachonigusa ni kwamba kazi hii yote walifanyiwa watu wa kijijini. Kweli bwana wa pale, Hugh, alikuwa na ngome yake jirani kabisa na kanisa (siku hizi ni kilima na vipande vya ukuta), lakini wakulima nao walipita mlango ule.

Mafundi wa mtindo huohuo walichonga pia kanisa la kijiji cha Shobdon, mkoa huohuo. Kanisa lile likabomolewa miaka ya 1750 kwa sababu mwenye eneo alitaka jipya la kisasa, matao yake yakahamishiwa kilimani kuwa pambo la bustani, hayana paa wala nini, mvua na baridi vimekula sura zote mpaka huwezi kujua yupi ni malaika. Hilo linaniuma sana kwa kweli, wangeyaacha tu ukutani.