Nilivyojifunza gofu kutoka shimoni kurudi nyuma

Nilishika fimbo ya gofu kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 41, mama wa watoto watatu, karani katika kampuni ya kuondosha mizigo bandarini Mombasa. Siku hizi wiki ikipita sijakanyaga nyasi, moyo hautulii. Wenzangu huniuliza niliingiaje, maana wao wanaujua mchezo huu kwa mbali tu, kama mambo ya wakubwa wenye magari makubwa. Nitaeleza njia niliyopita mimi. Naamini kwa dhati kwamba ndiyo inayomfaa mtu anayeanza akiwa mtu mzima.

Sisi Mombasa tuna uwanja ulioanzishwa mwaka 1911, juu ya majabali yanayotazama bahari, si mbali na kivuko cha Likoni. Una mashimo 9. Ukitaka kucheza 18 unauzunguka mara mbili. Mwenzangu mmoja wa ofisini ni mwanachama, naye ndiye aliyenialika nikaangalie. Wale waliopiga mpira ukapotea machoni hawakunivutia sana. Kilichonishika ni mama mmoja wa makamo aliyesimama kwenye grini, pale nyasi zinapokatwa chini kabisa kuzunguka shimo. Aliusukuma mpira taratibu, ukaenda ukipinda kidogo kidogo, ukaingia. Ule mlio wa mpira kutua kikombeni nilitaka niutoe mimi.

Basi nikaanzia hapo hapo. Kedi niliyempata ni mzee aliyebeba mifuko ya wachezaji tangu ujana wake, na shauri langu lilimpendeza. "Mama, hapa ndipo hesabu inapofungwa," aliniambia. Kisha akanipigia hesabu yenyewe. Uwanja wa mashimo 18 uliopangiwa mikwaju 72 huwa umekutengea mikwaju 2 ya kusukuma katika kila grini. Jumla 36, yaani nusu ya mchezo mzima, na nusu hiyo haidai misuli. Mgongo wangu wa kukaa kitini mchana kutwa hauwezi kushindana na wa kijana wa miaka 20, lakini kwa mpira ulio hatua tatu kutoka shimoni mimi na yeye tuko sawa.

Shimo lina upana wa milimita 108, na mpira hauruhusiwi kuwa chini ya milimita 42.67. Nafasi ipo, tena ya kutosha. Ila mpira ukija mbio, nafasi hiyo hupungua, kwa sababu ukigusa pembeni unaruka ukingo na kuendelea na safari. Unaokuja ukikaribia kusimama huweza kuingilia mbele, kushoto, kulia, hata kwa nyuma. Mzee alinifundisha pia kuzisoma nyasi. Za kwetu pwani hulala upande mmoja. Ukiziona zinang'aa, zimelala kuelekea kule unakopiga na mpira utateleza; ukiziona zimekolea weusi, zimelala kuja kwako, basi ongeza mkono. Nilipoanza kuona tofauti hiyo kwa macho yangu mwenyewe, sikuweza tena kuuacha mchezo. Nyumbani, watoto wakishalala, nilikuwa nikilaza glasi kwenye zulia la sebuleni na kuusukuma mpira mpaka mkono ukazoea mwendo mmoja.

Kutoka hapo nikarudi nyuma kidogo kidogo. Kwanza ukingoni mwa grini, nikiudondosha mpira kwenye nyasi fupi na kuuacha utambae wenyewe. Kisha mita 20, kisha 50. Fimbo zangu zilikuwa chache, za mtumba: ya kusukumia, moja fupi ya kuinulia mpira, na chuma namba saba, yaani fimbo ya kichwa cha chuma ya mwendo wa kati. Sheria inakataza kubeba zaidi ya fimbo 14, lakini hakuna inayokulazimisha kubeba nyingi. Mzee alipenda kunisimulia habari za Seve Ballesteros, Mhispania aliyejifunza utotoni ufukweni kwao kwa chuma kimoja, namba tatu, kisha mwaka 1978 akaja Nairobi na kutwaa mashindano ya Kenya Open. Mkono uliolelewa na fimbo moja mchangani, alisema, hujua kuomba kila kitu kutoka kwa fimbo hiyo.

Nilipofika kwenye chuma namba saba ndipo nikaelewa jambo ambalo sasa namwambia kila anayeniuliza: usiuinue mpira. Uso wa fimbo ile umelazwa nyuma karibu nyuzi 30, na kazi ya kuinua ni yake. Ukijaribu kuisaidia kwa kuuchota mpira, fimbo itakwangua sehemu ya juu ya mpira nao utakwenda ukiburura ardhini. Shusha fimbo, gonga mpira kwanza, nyasi baadaye. Ukigongwa sawasawa, mikono haisikii kitu kabisa. Mpira tu unaondoka. Hisia hiyo ndiyo iliyonifanya niwe nafunga mafaili mapema siku za Ijumaa.

Halafu kuna upepo, na hapa watu wa pwani tuna bahati, maana tumezaliwa nao. Kusi inapovuma, kuanzia Aprili hadi Septemba, lile shimo ulilolifikia Januari wakati wa kaskazi linageuka shimo jingine kabisa. Mtu hutaka kupambana na upepo wa usoni kwa kupiga kwa nguvu. Lakini mpira uliopigwa vizuri huzunguka kurudi nyuma, na mzunguko huo ndio unaoushikilia hewani. Ukiuongezea nguvu unauongezea mzunguko, upepo unaubeba juu, nao unaanguka karibu na miguu yako. Chukua fimbo ya kwenda mbali zaidi, upige kwa upole. Mpira utapita chini ya upepo.

Kuhusu muda, nacheza baina ya alasiri na magharibi. Jua limepoa, na mashimo 9 yanatosha ndani ya saa mbili na kidogo. Mavazi hayajanisumbua: suruali pana, shati la mikono mirefu lenye kola, na mtandio niliofunga vizuri usipeperuke. Mipira nanunua ile ya kuokotwa. Kedi namlipa haki yake bila kuvutana, maana yeye ndiye mwalimu wangu.

Dreva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, niliishika mwisho kabisa, wakati tayari najua cha kufanya na mpira popote utakapoangukia, kwa hiyo sikuiogopa. Baadaye nikaanza kupeleka kadi zangu za alama. Handikapu ni mikwaju ya nyongeza anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake. Katika mfumo wa handikapu wa dunia nzima ulioanza mwaka 2020, unahitaji kadi zenye jumla ya mashimo 54, hata kama ni vipande vya tisa tisa, na anayeanza anaweza kupewa handikapu ya hadi 54. Maana yake, ukipewa hiyo 54, unaongezewa mikwaju 3 katika kila shimo. Shimo la mikwaju 4 ukilimaliza kwa 7, umefanya kazi yako sawasawa. Nilipewa 41, nikaona raha kwa sababu ulikuwa ndio umri wangu nilipoanza. Sasa imeshuka hadi 33, na karibu yote iliyopungua imepungulia kwenye grini.