Goti moja au yote mawili?

Nimejaribu kuliacha hili swali lipite, limekataa. Dada amejifungua salama kule Eldoret, mitihani ya katikati ya muhula imesahihishwa, mwenye nyumba ametangaza kodi mpya, na bado kila nikiketi najikuta uani kwa Wafula, Lanet, Jumapili jioni.

Wafula mnamjua. Tangu arudi kutoka Somalia na kuacha jeshi nimemwandika hapa mara kwa mara, kwa kuchunga maneno maana mkewe, wifi yangu, husoma.

Nilikuwa naandaa somo la mighani, hadithi za mashujaa wa kale, la Kidato cha Nne, nikawasimulia pale uani kifo cha Fumo Liyongo, shujaa wa pwani, kama kilivyo katika utenzi aliouandika Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Mwanawe wa kumzaa anamdunga sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anashika uta, anakwenda hadi kisimani, anapiga goti, mshale umevutwa, na anafia papo hapo. Wenyeji wanamwona hivyo wanadhani yu hai. Hakuna anayethubutu kuteka maji.

Kijana wa Wafula akachukua mti wa fagio, akapiga magoti kwenye simiti, akalenga geti. Baba yake alikuwa akimenya viazi, hajasema neno tangu nifike.

"Mwalimu, alipiga goti moja au yote mawili?"

"Wengi husema moja."

"Una hakika?"

"Ndivyo nilivyosimuliwa."

Akaweka kisu chini. Akamwendea mtoto, akamshika kifundo cha mguu wa kushoto, akauvuta mbele mpaka unyayo wote ukakaa chini. Akamgonga kisigino cha nyuma kwa kidole ili akikalie. "Ukiyaweka yote mawili, kuinuka ni kazi." Kisha, akiwa amerudi kwenye viazi, bila kunitazama: "Kama ni moja, alitaka kuinuka."

Wifi akasema maji yamechemka. Mazungumzo yakahamia kwenye bei ya unga.

Alitaka kuinuka. Miaka yote hii nimefundisha lile goti kama ushujaa. Miongozo inataka hivyo: jagina, yaani shujaa wa mighani, ana nguvu zisizo za kawaida, jagina ana siri, jagina husalitiwa na wa karibu, jagina hufa kifo cha ajabu. Mtahiniwa akiorodhesha hizo anapata alama zake. Luanda Magere, shujaa wa Waluo, naye anaingia papo hapo: mwili wa jiwe, mkuki haupenyi, mpaka mke aliyetoka kwa maadui anagundua kwamba uhai wake uko kivulini. Wanaume wawili, mmoja wa pwani, mmoja wa Kano, na kote tunawaambia wavulana jambo lilelile: mwanamume wa vita ni mwili usioingiwa na chuma, na anayejua pa kumuumiza ni adui yake.

Nimekasirika, sitaficha. Mke wa Luanda Magere alikijuaje kivuli? Mume alikuwa mgonjwa, akamwambia achanje kivuli apake dawa, maana mwili haukuchanjika. Jitu la jiwe liliugua! Liliomba kutibiwa! Hilo tunalivuka mbio ili tufike kwenye usaliti. Na pale kisimani, mji mzima ulikaa na kiu ukimwogopa mtu aliyekwisha kufa, kwa sababu mkao wake ulikuwa wa kishujaa. Hata mama yake alipokuja kumbembeleza, alidhani amekasirika tu.

Usiku ule nikakumbuka riwaya ya Remarque ya mwaka 1929 kuhusu vijana wa Kijerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Paul, mmoja wa askari hao, anarudi likizo, baba yake anatamani avae sare ili amwonyeshe kwa marafiki, na anamdadisi habari za mapigano. Kijana hana la kumpa. Wanazi walikichoma kitabu hicho mwaka 1933. Askari anayeogopa waliona ni tusi kwa taifa.

Lakini jana wifi ameniandikia. Anasema Wafula amekuwa akitoka uani jioni na mtoto, wanafanya mazoezi ya lile goti: chini, juu, chini, juu. Anasema hakuwa amemsikia akihesabu kwa sauti tangu arudi, na kwamba majuzi mtoto aliteleza, wakacheka wote wawili hadi jirani akachungulia. Nimeusoma ujumbe huo nikiwa kwenye matatu, nikapitiliza stendi yangu kwa furaha.

Jumatatu nitawauliza wanafunzi Liyongo alikuwa akiwaza nini pale kisimani. Halitatoka kwenye mtihani. Nitauliza.

Mama naye amepiga simu kutoka Kimilili. Mahindi yamekunja majani, mvua imekatika, na mbolea alikuwa amekwisha kuitia. Anataka pesa za vibarua wa kupalilia. Sijui nimtumie sasa au nimwambie angoje wiki ijayo, na kodi ya hapa nayo imepanda.