Kinavyozama

Mjomba alinizuia kufunga chochote kwenye mshipi mpaka nimwage mfuko wangu wote juu ya ubao wa mashua. Nikaumwaga. Vikatoka vyambo vya rangi ya lulu, vya kijani cha tikitimaji vyenye vidoa vyeusi, vya rangi ya moshi, na kimoja cha waridi kali ambacho alikisukuma pembeni kwa kidole bila kusema neno. Vyote vilikuwa vya aina moja: plastiki laini yenye umbo la samaki mdogo mwembamba, bila kibao cha mdomoni cha kukizamisha wala mkia mpana wa kupepea. Chambo cha namna hiyo ukikivuta moja kwa moja kinakuja kama kijiti. Uhai wake unatoka mkononi mwako: unashtua ncha ya fimbo, unaulegeza mshipi, nacho kinateleza kushoto, kisha kulia, kisha kinaanza kuzama.

Mimi nilikuwa nimevipanga kwa rangi. Yeye akavipanga upya kwa namna vinavyozama.

Alichukua ndoana moja pana ya saizi 4/0, akaichomeka kwenye pua ya chambo cha kwanza, akaipindua, akaipitisha tumboni hadi ncha ikalala juu ya mgongo, imefichwa kidogo ndani ya plastiki ili isinase magugu. Akakining'iniza ubavuni mwa mashua na kukiachia. Kikazama haraka, pua mbele. Kile kilikuwa kimechanganywa chumvi nyingi. Chumvi hukiongezea chambo uzito, ndiyo maana kinarushwa mbali hata bila chubwi, lakini pia hukifanya kichanike upesi. Cha pili, cheupe cha rangi ya lulu, chenye mkia mwembamba ulionyooka na chumvi kidogo tu, kilishuka kimelala, kikiyumbayumba kidogo. Hicho akakirudia mara kadhaa. Kisha akabadilisha ndoana, akaweka ya saizi kubwa zaidi, 5/0, yenye waya mnene, na chambo kilekile kikaanza kuinamisha pua. "Unaona, mpwa? Ndoana nayo ni sehemu ya chambo."

Kimoja kilikuwa kimepinda kwa kukaa kimekunjwa ndani ya pakiti. Akanirudishia bila hata kukijaribu. Kilichopinda hakitelezi, kinazunguka, na kikizunguka kinasokota mshipi wote hadi kwenye rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Ukikitia kwenye maji ya moto kinanyooka, ila pale katikati ya ziwa maji ya moto yangetoka wapi.

Wakati anapanga, alinisimulia habari za Nick Creme wa Akron, Ohio, ambaye mwaka 1949 alianza kutengeneza nyungunyungu wa plastiki laini, na za Herb Reed aliyekuja baadaye sana na Slug-Go, chambo kirefu kisicho na mkia wa kupepea. Mjomba alimsifu huyu wa pili kuliko wa kwanza. Kwake yeye, kutengeneza chambo kinachojitikisa chenyewe ni jambo moja, na kutengeneza kinachomngoja mvuvi ni jambo lingine kabisa.

Tukasogea hadi kwenye mayungiyungi. Besi wa mdomo mpana, samaki wa maji baridi tuliokuwa tukiwawinda, walikuwa wametoka kutaga, wengi wao wakiwa bado kwenye maji mafupi, wamejificha chini ya majani na pembezoni mwa matete. Kina kilikuwa cha kiuno hivi, na magugu yalikuwa yameota kutoka chini hadi karibu nusu ya maji. Nilianza na kile kizito, kwa sababu kulikuwa na upepo na nilitaka kurusha mbali. Samaki mmoja alitoka kivulini, akakifuata, akakaribia kabisa. Nikaacha kushtua, chambo kikadidimia ndani ya magugu, naye akageuka akaenda zake. Mjomba hakusema kitu. Alininyoshea tu kile cha pili.

Tofauti niliiona kabla ya samaki. Nilipokishtua mara mbili kwa kushusha ncha ya fimbo kuelekea majini, kikakata kona kwa kasi; nilipoulegeza mshipi, kikabaki kikielea juu ya magugu, kikishuka taratibu mno, kana kwamba hakijaamua. Mshipi nao ulisaidia. Mjomba alikuwa ameniwekea wa nailoni, ambao hauvuti chambo chini. Fluorokaboni, aina nyingine ya mshipi, ni nzito kuliko maji, inazama, na kwa maji mafupi kama yale ingekishusha upesi kuliko tulivyotaka.

Kwenye pengo kati ya majani mawili kikatoweka. Sikusikia mdonoo wowote mkononi. Kilikuwepo, cheupe, kisha hakipo.

"Usivute! Kusanya mshipi kwanza!"

Nikazungusha rili hadi nikahisi uzito, ndipo nikapiga, nikainua fimbo kwa nguvu ili ndoana imnase. Besi akaruka, akatikisa kichwa, akajaribu kuuzungushia mshipi shina la yungiyungi. Mjomba akaleta wavu wa mkono. Alikuwa jike mwenye tumbo lililolegea baada ya kutaga, nasi tukamrudisha majini mara moja.

Pua ya chambo ilikuwa imechanika. Nikakata kipande kidogo cha mbele, nikachomeka ndoana nyuma zaidi kidogo, kikaendelea kufanya kazi, ingawa sasa kilianza kuzunguka kila nilipokirudisha kwa kasi. Tukafunga kijipete cha kuzunguka kwenye mshipi, takriban sentimita arobaini mbele ya chambo, usokotaji ukapungua.

Lililobaki ni rangi, na hapo hatukuelewana. Mjomba alishikilia kwamba nyeupe tuliichagua kwa ajili ya macho yangu, wala si ya samaki: kwa uvuvi huu, dalili ya kwanza ya kuliwa ni chambo kupotea, na huwezi kuona kupotea kwa kitu ambacho hukukiona tangu mwanzo. Hoja nzuri. Lakini maji yalikuwa safi na jua limeshapanda, na mimi niliamini kijani kisingewatisha kama nyeupe. Nikafunga cha kijani chenye mkia uleule mwembamba. Nilikuwa sikioni kabisa, nikawa naangalia mshipi pale unapoingia majini. Ukasogea pembeni bila upepo. Nikapiga, nikatoa besi mdogo, wa kiganja kimoja na nusu.

Mjomba alimtazama, akasema huyo hahesabiki, hana umri wa kuchagua rangi. Nikafunga kingine cha kijani.