Leo kaburini kwa Jimi Hendrix

Nimerudi hivi punde kutoka makaburi ya Greenwood, hapa Renton karibu na Seattle, alikozikwa Jimi Hendrix, yule mpiga gitaa maarufu wa Marekani, baada ya kufariki London mwaka 1970 akiwa na miaka 27 tu.

Nilimkuta mzee mmoja akiweka juu ya jiwe kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi za gitaa, kilicholika ukingo mmoja kwa kutumika sana.

Akaniambia kwamba yeye ni mashoto, na kwamba alipomwona Hendrix akipiga gitaa la mkono wa kulia alilolipindua na kulifunga nyuzi upya, ndipo alipoacha kuuonea haya mkono wake.

Nilinyamaza. Nami nilichapwa utotoni kwa kuandikia kushoto.

Ndugu zangu, ninyi mlianzaje kumpenda Hendrix?